Namna ya Kufunga Betri Kavu kwenye Pikipiki ya Mjomba

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu: mpwa aliyerithi pikipiki ya mjomba wake. Kama yako ni Boxer uliyoichukua kwa mkopo na kila jioni unapeleka hesabu kwa tajiri, huna shida ninayoizungumzia hapa. Rudi kijiweni, abiria anakusubiri.

Kwa desturi ya Wamwera, Wamakua na Wamakonde wa huku kusini, ukoo huhesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Akiondoka, mpwa haulizwi kama anataka, huitwa akakabidhiwa. Wenzangu wamekabidhiwa mikorosho. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi hapa Nachingwea, nilikabidhiwa Honda XL125S ya volti 6, tangi lake jekundu limefifia mpaka likafanana na tofali, pamoja na chupa ya plastiki iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: MAJI YA BETRI, USINYWE.

Mjomba alikuwa bwana shamba. Kwa pikipiki hiyo alizunguka vijiji vya Nachingwea na Ruangwa akiwafundisha wakulima kupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, na jioni alirudi nyumbani wa manjano kama aliyelala kwenye gunia la bizari. Kila Ijumaa baada ya swala alivuta kigoda, akafungua kifuniko cha ubavuni, akafumba jicho moja na kuichungulia betri kama mtu anayechungulia kisima, kisha akaongeza maji mpaka kwenye mstari. Hakusema anaongeza maji. Alisema anainywesha.

Siku za msiba wake kila aliyefika alipata wali. Betri peke yake haikupata hata maji. Baada ya arobaini nilipoifungua, ilikuwa imekauka, na bamba zake zimeota weupe kama ulimi wa mgonjwa wa malaria. Ndipo ushauri ulipoanza kumiminika.

"Mwalimu, achana na mambo ya kizee. Funga betri kavu. Haitaki maji, haitaki kuangaliwa. Ukishaifunga umeisahau."

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nikakubali, na sasa naweza kukufundisha.

Vifaa

- Spana namba 10 na bisibisi.
- Mita ya kupimia volti. Utaambiwa haina haja, ulimi unatosha. Wanaosema hivyo waombe walambe wao.
- Kipande cha tyubu chakavu ya baiskeli.
- Magadi, kijiko kimoja. Omba jikoni, na usiseme ni ya nini.
- Fyuzi mbili.
- Nauli ya kwenda Ruangwa na kurudi, mara mbili. Mara ya kwanza ni ya kununua, mara ya pili ni ya kubishana.
- Washauri wanne. Hawa huna haja ya kuwatafuta. Fungua tu kifuniko cha ubavuni.

Hatua ya kwanza: hesabu vifuniko kabla ya kuhesabu hela

Betri ya maji ina vifuniko vidogo juu, na kila kifuniko ni mlango wa chumba kimoja. Kila chumba hutoa takribani volti 2. Vifuniko vitatu ni volti 6, vifuniko sita ni volti 12. Mtoto wa darasa la pili anaiweza hesabu hii. Washauri wangu wanne waliikwepa kabisa wakaenda moja kwa moja kwenye jibu: "Zote ni betri."

Duka lolote la spea hapa mjini litakuuzia ya volti 12 ukiwa bado hujashusha mguu, kwa sababu ndiyo inayotumiwa na bodaboda zote. Ukiifunga kwenye mashine ya volti 6, utaonja utukufu wa muda mfupi. Honi italia kama lori la ufuta. Taa ya breki itang'aa mpaka anayekufuata afumbe macho. Halafu balbu zitaanza kuaga moja moja, za indiketa kwanza, na betri yenyewe haitashiba tena, kwa maana anayeilisha amezoea kupika chakula cha nusu yake.

Ikiwa mjomba wako alikuwa na makuu na kakuachia pikipiki ya Kiingereza, BSA au Triumph ya zamani, uliza swali moja zaidi: waya upi umefungwa kwenye bodi? Kwenye Honda na ndugu zake wa Japani ni hasi. Kwenye nyingi za Waingereza wa kale ni chanya. Ukifunga kwa mazoea, utajua umekosea kwa pua kabla ya macho.

Hatua ya pili: iage ya zamani kwa heshima

Kwenye Honda, anza kufungua waya wa hasi, ndipo wa chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, utapata cheche za bure na washauri watapiga makofi. Kwenye vichwa vya betri utakuta unga wa kijani na mweupe. Usiupulize. Koroga magadi kwenye maji ya moto, mwagia kidogo kidogo. Patatoka povu na sauti ya kama soda iliyofunguliwa, kisha shaba itaonekana. Hiyo ni asidi inakutana na magadi, yaleyale ya kwenye sufuria ya mlenda, ila hapa usionje.

Kuna kimpira chembamba kinachotoka kwenye betri kushuka hadi chini ya injini. Hicho ndicho pua yake: mvuke wa asidi hupita humo ukamwagika njiani badala ya kula fremu. Kwa muda wote niliopanda nyuma ya mjomba nilidhani ni cha mafuta.

Vaa suruali usiyoipenda. Mimi nilivaa ya kazini, nikamaliza kazi, nikaikagua, nikaiona nzima, nikajisifu. Tundu halikutokea siku ile. Lilitokea Jumamosi kwenye beseni: mkono wa mfuaji uliingia upande mmoja wa paja ukatokea wa pili. Asidi haina haraka.

Betri iliyokufa usiitupe shimoni. Ndani ni risasi, na risasi haiozi. Wanunuzi wa chuma chakavu wanaipima kwa kilo, nawe utapata walau nauli ya safari moja kati ya zile mbili.

Hatua ya tatu: nenda Ruangwa ukanunue

Betri kavu ya volti 6 hutaipata kwenye duka la pikipiki. Itafute kwa wauza mizani. Ile mizani ya kielektroniki inayopima ufuta, mbaazi na korosho, pamoja na taa za dharura na vigari vya kuchezea watoto, vyote hutumia betri ndogo ya volti 6, ampea-saa 4, yenye upana wa sentimita 7, unene usiofika 5 na kimo cha kama 10. Inaenea kwenye kiganja. Ruangwa, msimu wa mnada unapokaribia, bidhaa hii haikosekani.

Ukifika, tafakari kidogo. Ruangwa imekalia madini ya kinywe, na mgodi wa Lindi Jumbo uko pale Matambarale. Kinywe ndicho kinachotengeneza upande wa hasi wa betri za lithiamu, za simu mpaka za magari ya umeme. Maana yake unasimama juu ya malighafi ya betri za dunia nzima, ukipunga upepo kwenye kivuli cha bati, ukiuliza kama wana betri. Ya kwetu hii ni ya risasi, haina uhusiano na kinywe, lakini inauma vilevile.

Sasa jinsi ya kuchagua. Mnunuzi wa huku amelelewa na nazi: chochote anachonunua hukitikisa kwanza. Nami niliitikisa. Kimya. Muuzaji akatabasamu: "Si unaona? Kavu."

Si kavu. Ndani kuna asidi ileile iliyotoboa suruali yangu, ila imenyonywa na vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyobanwa katikati ya bamba za risasi, kama supu iliyonyonywa na mkate. Haimwagiki hata ukiilaza ubavu. Hewa yake hupitia kijimlango kidogo kinachofunguka shinikizo likizidi, kisha kinajifunga. Kuiita kavu ni sawa na kumwita mtu maskini kwa sababu hela zake ziko benki.

Achana na kutikisa, toa mita. Betri kavu ya volti 6 iliyojaa husoma kama 6.4 ikiwa imetulia. Ikisoma chini ya 6, imekaa rafuni bila kuchajiwa mpaka bamba zimeanza kuota chumvi ngumu, na joto la chini ya bati huharakisha uozo huo: kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, betri hujimaliza yenyewe kwa kasi ya karibu mara mbili. Muuzaji atakuambia imetoka Dar juzi. Huenda ni kweli. Juzi ya mwaka gani, hilo ndilo swali la mita.

Hatua ya nne: lazimisha iingie, kisha izuie isitoke

Tatizo la kwanza ni la kufurahisha: betri mpya ni ndogo kuliko nyumba yake. Inacheza ndani ya sanduku kama punje ya mahindi kwenye debe. Nikawaza kwa akili ya mwalimu, nikaijazia pembeni karatasi za majaribio ya hisabati ya darasa la sita. Barabara yetu ya vumbi iliyasahihisha majaribio yale kwa ukali kuliko mimi. Nilipofungua baada ya siku tatu nilikuta unga, na betri imelala chali.

Tumia tyubu ya baiskeli. Kata vipande, zungushia, bana mpaka isitikisike ukiisukuma kwa kidole. Mtikisiko huvunja bamba taratibu.

Tatizo la pili: waya za mjomba zina vichwa vya pete kwa ajili ya skrubu, na betri hii ina vindimi bapa. Tafuta vichwa vya kuchomeka, uvibane kwa koleo. Fundi mmoja alipendekeza tuchomelee waya moja kwa moja kwenye ndimi kwa risasi ya moto. Aliifanya kazi hiyo kwa ustadi na kwa muda mrefu, mpaka plastiki iliyoshika ulimi wa chanya ikalainika ukaanza kuyumba kama jino la mtoto. Waya ulishika vizuri sana. Ulimi ndio ulioachia.

Hatua ya tano: heshimu fyuzi, au tafuta sigara

Fyuzi ya zamani ni kijibomba cha kioo chenye uzi mwembamba ndani. Kazi yake ni kufa kwanza ili wengine wapone. Huku kwetu kazi hiyo amepewa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ambayo haifi. Ukiitumia, waya wowote ukigusa fremu, kitakachoungua ni wayaringi yote, kuanzia kwenye kiti mpaka kwenye taa ya mbele, na utaokoa bei ya fyuzi moja.

Mjomba hakuvuta sigara. Ndiyo sababu pekee ninayoijua iliyofanya wayaringi ile ifike kwangu ikiwa hai.

Hatua ya sita: tamba kwa wiki mbili

Hatua hii ni rahisi na haina vifaa. Taa ya kijani ya nyutro inawaka imara. Indiketa zinapiga mapigo ya moyo wa kijana. Honi, ambayo siku za mwisho za mjomba ilikuwa inalia kama mbu aliyenaswa kwenye chandarua, sasa ina sauti. Siku timu ya Namungo inacheza nyumbani, Uwanja wa Majaliwa umejaa na Ruangwa nzima ni honi, nilipiga yangu, mtu mmoja akageuka. Nilirudi Nachingwea nikiwa nimeridhika.

Waambie watu. Wakuone unavyopita Ijumaa bila kigoda, bila chupa. Sema neno "teknolojia" mara mbili kwa siku.

Wiki ya tatu, fungua kifuniko cha ubavuni. Betri haitoki. Vuta. Haitoki. Imevimba pande zote mbili kama andazi, imekumbatia sanduku. Sasa tumia ile nauli ya pili.

"Imetumika kwenye nini?" muuzaji aliniuliza, akiigeuza geuza mkononi.

"Pikipiki."

"Mwalimu, garantii yetu ni ya mizani." Akairudisha mezani taratibu. "Mizani haina gia."

Nimefundisha miaka mingi, na sijapata kutoa maelezo mafupi na sahihi kama hayo.

Hatua ya saba: somo la karanga

Hapa keti chini, maana ndiyo sehemu ambayo wanaosema "ukishaifunga umeisahau" hawakuisoma.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kula ni haba, majarini kwa mgao. Wakaja wataalamu wakaiangalia Afrika Mashariki kwa majuma kadhaa, wakaandika ripoti: mashamba ya karanga, kila moja ekari 30,000. Tanganyika ilipangiwa mashamba 80, na 55 kati ya hayo yalikuwa ya Jimbo la Kusini, yaani huku kwetu. Kongwa na Urambo wakagawana yaliyobaki. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Zikaja mashine za kila aina, nyingine mabaki ya vita, mpaka vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Ikajengwa bandari ya Mtwara. Ikajengwa reli ya kuleta mashine Nachingwea na kutoa karanga.

Kila kitu kilikuwa kipya na cha nguvu. Kitu kimoja tu kilikuwa cha zamani, nacho ni ardhi, na hicho ndicho ambacho hakikuulizwa. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama sakafu, ukasaga majembe. Mvua haikusoma ripoti. Januari 1951 mpango ukafutwa, pauni takribani milioni 36 zikiwa zimekwenda. Reli ya kusini ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo ukimwambia mwanafunzi wangu kwamba treni iliwahi kufika Nachingwea, anakutazama kama unamtungia hadithi ya sungura.

Sasa rudi kwenye pikipiki. Betri ilikuwa mpya na ya nguvu. Kitu cha zamani ni mtambo wa chaji: sumaku inayozunguka na injini, koili, na rektifaya ya kugeuza umeme uende upande mmoja. Hapo ndipo ulipoishia. Kwenye pikipiki nyingi za kizazi hicho hakuna regyuleta ya kusema "basi, imeshiba". Ukivuta mafuta sana, umeme unapanda; ukienda mbali mchana bila taa, hakuna wa kuupunguza.

Basi ni nani aliyekuwa anaupunguza miaka yote ile? Betri ya maji yenyewe. Umeme ukizidi, maji yalichemka, yakagawanyika kuwa hewa, yakatoka kwa kile kimpira. Na Ijumaa, mjomba akayarudisha. Regyuleta ya pikipiki ile ilikuwa mzee mmoja, kigoda kimoja na chupa moja.

Betri kavu ikizidishiwa, nayo huchemka. Ikifikia kuzidiwa, kijimlango hufunguka, hewa hutoka. Lakini hakuna kifuniko cha kurudishia maji. Kinachotoka kimetoka. Inakauka kweli sasa, inapata joto, inavimba, na hapo ndipo hatimaye inastahili jina lake.

Hatua ya nane: pima, ndipo ufunge

Nunua betri ya pili. Ifunge. Weka mita juu yake, washa injini, mwambie mtu avute mafuta polepole nawe ukisoma. Betri kavu ya volti 6 inataka chaji ya kati ya volti 6.9 na 7.3 hivi. Yangu ilianza 6.6 kwa upole. Ikapanda 7. Ikapita 7.4 bila kusimama. Ilipokaribia 8 nilipaza sauti kama mtu aliyeona nyoka, na kijana aliyeshika mafuta, kwa mshtuko, akazidi kuvuta.

Washauri wanne walikuwepo. Mmoja akaleta regyuleta ya bodaboda. Ni kitu kizuri, bei yake haiumi, nayo huanza kuzuia umeme unapofika volti 14 na kitu, kwa sababu imezaliwa kwa ajili ya betri ya volti 12. Kuifunga kwenye betri ya volti 6 ni kuajiri mlinzi anayeamka wezi wakiwa wameshafika Masasi.

Njia ni mbili. Ya kwanza, tafuta regyuleta yenye rektifaya ndani yake, iliyoandikwa volti 6. Yangu niliiagiza Kariakoo, ikaja na basi ndani ya bahasha ya kaki. Ya pili, geuza mashine nzima iwe ya volti 12: koili, balbu zote, honi, rileyi ya indiketa, regyuleta na betri. Hii ni njia nzuri kwa mwenye fedha na fundi mtulivu. Njia ya tatu, ya kugeuza nusu ya vitu na kuomba Mungu kwa nusu iliyobaki, nimeiona mara nyingi barabarani, kwa kawaida ikisukumwa.

Anayetaka kuruka hadi betri ya lithiamu kwa sababu ni nyepesi, ajue kwamba hiyo ndiyo isiyosamehe kuliko zote. Ikizidishiwa chaji haivimbi kwa adabu.

Nilifunga regyuleta mahali penye upepo, kwa maana hupata moto ikifanya kazi. Tukawasha tena. 6.6. 6.9. 7.2. Kijana akavuta mafuta mpaka kuku wakakimbia. 7.2.

Hatua ya tisa: chomoa waya, ucheke

Nilikuwa napokea pongezi fundi mmoja mzee alipopita, akasimama, akatazama. Aliijua pikipiki ile kuliko mimi. Alikuwa ameifanyia kazi mjomba akiwa kijana.

"Umefunga betri?"

"Ndiyo, mzee. Imenigharimu safari mbili za Ruangwa na bahasha ya Kariakoo."

Hakusema kitu. Aliinama, akachomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma. Nikafumba macho. Injini ikaendelea kuunguruma.

"Hii moto wake wa plagi unatoka kwenye sumaku," akasema. "Hata taa kubwa ya mbele. Unapiga kiki, inawaka, betri iwepo isiwepo. Mjomba wako aliwahi kukaa miezi miwili bila betri, akaenda vijiji vyote."

"Sasa betri ni ya nini?"

Akahesabu kwa vidole. "Honi. Indiketa. Taa ya breki. Na hii ya kijani." Akaurudisha waya. "Lakini usizoee kuichomoa, utaunguza balbu. Bila betri hakuna wa kuutuliza umeme."

Kwa hiyo fahamu mapema, ili usije ukasema hukuambiwa: kama pikipiki ya mjomba wako ina moto wa sumaku, kazi yote iliyoelezwa hapo juu ni ya honi na kitaa cha kijani chenye ukubwa wa punje ya choroko. Ilinichukua muda kulimeza. Baadaye nilikumbuka mbuzi wa barabara ya Ruangwa, malori ya ufuta, na watoto wanaotoka shule wakitembea katikati ya njia kama wanaimiliki, nikaona honi si kitu kidogo.

Matunzo ya kitu kisichohitaji matunzo

Safisha ndimi mara moja moja. Pikipiki ikilala muda mrefu, ichajie betri kila baada ya miezi michache, maana betri kavu inayoachwa tupu hufa bila kupiga kelele. Tyubu ikilegea, kaza. Na pima.

Mimi napima Ijumaa. Pikipiki hulala kwa mke wa mjomba, kwa sababu ndiko kwenye banda. Nafika baada ya swala, navuta kigoda, nafungua kifuniko cha ubavuni, nagusisha nyaya za mita. Ijumaa iliyopita mke wa mjomba alikuwa barazani akichambua mbaazi. Aliingia ndani akatoka na ile chupa, akaninyooshea.

"Hii hainywi, mama," nikamwambia.

Akaitazama betri isiyo na vifuniko, akanitazama mimi niliyekaa kwenye kigoda.

"Sasa unaifungulia nini?"

Mita ilisoma 6.4. Nilimwonyesha. Akaichungulia kwa jicho moja, kisha akaiweka chupa chini, karibu na mguu wangu, palepale ilipokuwa ikikaa siku zote.